Fundi anataka shilingi 500 atuwekee programu ya ujumbe bila intaneti. Tumpe?

Swali: Sisi ni wanachama kumi na wawili wa chama, tunauza mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu. Jumapili soko likijaa mtandao hulemaa, na wengine huwa hawana bando. Tungependa kuambiana bei, mali iliyobaki na michango bila majirani kujua. Kuna fundi mwenye programu anayosema hutuma ujumbe kwa Bluetooth hadi Nakuru, na kwa kuwa haupiti kwenye intaneti hakuna anayeweza kuusoma. Anataka shilingi 500 kwa kila simu. Tumpe?
Mweka hazina, Kibuye

Jibu: Msimpe. Mnachotaka kinawezekana, mama, na ipo programu ya bure ya kukifanya. Lakini huyo fundi amewaambia uongo mara mbili, na ule wa pili ndio unaoumiza watu.

Ule wa kwanza ni rahisi kuumaliza. Bluetooth ya simu, katikati ya vibanda vya mabati na umati wa watu, hufika mita 10 hadi 30. Miili ya watu pekee hunyonya mawimbi hayo. Zipo programu ambazo simu hupokezana ujumbe, kama bitchat inayoruhusu ujumbe urukie hadi simu saba. Piga hesabu: saba mara mita 30 ni mita 210, tena ikiwa kila simu imewashwa na hakuna pengo katikati. Hapo hata Kondele hujafika.

Sasa huu wa pili, ambao nausikia kila wiki: eti kisichopita kwenye intaneti ni siri. Bluetooth ni redio. Simu yako inapotuma, inatangaza pande zote, na yeyote aliye karibu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi anaipata. Kukosa intaneti kunamwondoa msikilizaji wa mbali tu. Yule wa kibanda cha pili, ambaye ndiye mnayemwogopa, bado yuko palepale. Kinachomzuia ni ujumbe kusimbwa, yaani kugeuzwa usisomeke bila ufunguo, na kusimbwa peke yake hakutoshi kama hujui ufunguo ulionao ni wa nani. Ukisimba ujumbe kwa ufunguo wa mwizi aliyejiita Achieng, umemfungia mwizi barua yako kwenye sanduku na kumkabidhi ufunguo.

Haya yameshatokea. Bridgefy, programu ya ujumbe kwa Bluetooth, ilijulikana sana Hong Kong wakati wa maandamano ya 2019. Agosti 2020 watafiti wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, walionyesha kwamba ujumbe wake uliweza kusomwa, mtu aliweza kujifanya mwingine, watumiaji waliweza kufuatiliwa, na ujumbe mmoja uliotengenezwa kwa hila uliweza kuzima mtandao wote wa simu zilizokuwa zikiitumia. Kampuni ikahamia usimbaji wa programu ya Signal, na bado mwaka 2022 kasoro nyingine zikapatikana. Bitchat nayo ilipotoka Julai 2025, haikuchukua muda mtafiti akaonyesha jinsi ya kujifanya rafiki wa mtu ndani yake. Hao ni watengenezaji wanaojulikana, na kazi yao inachunguzwa hadharani. Ya fundi wenu imechunguzwa na nani?

Kwa kazi yenu ningetumia programu ya Briar, mradi nyote muwe na Android, maana ya iPhone haipo. Mtu mmoja aipakue Play Store au F-Droid, duka jingine la programu za Android, siku mtandao uko sawa. Ndani yake kuna sehemu ya kuisambaza bila intaneti: simu hiyo inafungua hotspoti, wengine wanaskani msimbo wa QR na kuipakua kutoka kwake. Kila mmoja ajiwekee neno la siri na alikumbuke, kwa sababu hakuna njia ya kulirudisha. Ukilisahau, akaunti imekwenda pamoja na ujumbe wote. Kisha kaeni pamoja, wawili wawili, kila mmoja askani QR kwenye skrini ya mwenzake. Msiruke hatua hii kwa kutumiana viungo WhatsApp. Kuonana uso kwa uso ndiko kunakothibitisha ufunguo ni wa nani.

Hapa watu hukwama. Katika Briar ujumbe wa mtu kwa mtu haupiti kwenye simu ya tatu. Wawili wakiwa mbali, unasubiri wakaribiane. Kikundi cha faragha ni tofauti: ujumbe hupita kwa aliyekiunda, kwa hiyo kiundwe na mwenye kibanda cha katikati. Wanachama walioskaniana wakiruhusu uhusiano wao uonekane kikundini, wataanza kupitishiana wenyewe, hata mwenye kikundi akiwa amekwenda kula. Bluetooth ikisumbua, mmoja azime data, awashe hotspoti, na walio karibu waunganishe Wi-Fi. Simu nyingi hukubali vifaa vinane hadi kumi tu, kwa hiyo nyote hamtaenea kwenye moja.

Kwenye Tecno, Infinix na itel, nenda kwenye mipangilio ya betri uiondolee Briar vikwazo, la sivyo simu itaiua skrini ikizimika na utadhani programu ni mbovu. Simu ikizimwa na kuwashwa, lazima uingize neno la siri upya ndipo ianze kupokea. Na ndani ya Briar zima matumizi ya data ya simu, kwa sababu ikipata intaneti hutumia Tor, mtandao wa kuficha nani anawasiliana na nani, na bando litaisha.

Nirudi kwa hawa wauza programu, kwa sababu biashara yao hunawiri kila hofu inapotanda. Intaneti iliposumbua nchini tarehe 25 Juni 2024, na kila uchaguzi unapokaribia, utasikia habari ya WhatsApp ya Bluetooth. Haipo. WhatsApp haitumi ujumbe bila intaneti, na faili unayorushiwa kwa jina hilo imetengenezwa na mtu usiyemjua. Tazama ruhusa inazoomba. Programu ya ujumbe wa karibu inahitaji vifaa vilivyo karibu, kamera ya kuskani QR, na kwenye Android za kabla ya 12 pia mahali ulipo. Haina haja ya kusoma SMS zako, wala ruhusa ya ufikivu (Accessibility), ambayo huiwezesha kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Mwenye kusoma SMS anaona salio lako la M-Pesa na namba za uthibitisho za benki.

Kama kuna mwenzenu aliyekwisha kuwekewa, azime data na Wi-Fi, aondoe ruhusa ya ufikivu na ya usimamizi wa kifaa kwenye mipangilio, ndipo aifute. Ikikataa kufutika, ahifadhi picha na namba zake, airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. PIN za M-Pesa na benki zibadilishwe baada ya hapo, si kabla, kwa sababu PIN mpya ikiandikwa kwenye simu ambayo bado ina programu hiyo inaweza kuonekana kama ile ya zamani.