Jibu kwa dada wa Malindi: usiiweke riwaya kabatini

Asalaam aleikum dada. Umeuliza kama mama mwenye mtoto anayenyonya na mwengine wa miaka mitatu, mume akishinda kazini hotelini, aiweke riwaya yake kabatini mpaka watoto waingie shule. Jawabu langu ni hapana. Mimi nina watatu, naishi Lamu mtaa wa Langoni, mume wangu ni mvuvi, na natunga tenzi na hadithi fupi. Nakueleza ninavyofanya, uchukue litakalokufaa.

Kwanza tenganisha kutunga na kuandika. Kuandika kunataka meza, mikono mitupu na akili iliyotulia, na kwenye nyumba yenye mtoto mchanga hivyo vitatu ni nadra kukutana. Kutunga hakutaki hata kimoja. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani, yaani silabi, nane nane: vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja, yaani sauti moja ya mwisho, cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima. Umbo hilo linashikika kichwani. Mimi hutunga nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mkono unakwenda wenyewe, ulimi unatafuta kina. Kipande kikikataa nakirudia mpaka kikubali. Halafu nafuta mikono na kujirekodi kwenye simu pale pale jikoni. Ukizisikiliza rekodi zangu utasikia sufuria, punda wa jirani, na mtoto anayetaka maji.

Huu hapa ubeti mmoja, nilimtungia wa katikati alipokuwa hataki kulala:

Mwanangu lala ulale
babako yu maji yale
kesho arudi na tele
samaki wa kukaanga

Siku hizi yeye ndiye hunikatiza nikibadilisha neno. Watoto wana sikio kali la mizani. Silabi ikizidi, wanajikwaa hapo hapo, nami najua pa kurekebisha.

Najua wewe ni wa riwaya. Lakini riwaya ina mazungumzo, nayo hutoka vizuri zaidi kwa mdomo. Chukua wahusika wawili, wabishane ukifua nguo. Maelezo marefu na mpangilio wa sura ndivyo vya kungojea meza.

Meza yenyewe huku kwetu inafuata upepo. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba mpaka Machi, bahari imetulia, wavuvi hawakai nyumbani, nami nabaki peke yangu na watoto. Miezi hiyo natunga kwa mdomo tu na sijilaumu. Kusi likikaza, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na mume wangu anashinda nyumbani akishona nyavu. Hapo tumekubaliana: baada ya sala ya alasiri, wakubwa wakiwa chuoni, yaani madrasa, mdogo ni wake, mimi napanda juu na kufunga mlango. Tuliyazungumza waziwazi kabla ya msimu, na mavyaa wangu akiwepo, asije akaona mwanawe anabembeleza mtoto huku mke kakaa tu. Kina mama wengi naona wanakwama hapa. Wanaandika kwa kuibia, mtoto akisinzia, na saa nzima inaishia kwenye kusikiliza kama ameamka. Saa iliyokubaliwa na watu wa nyumbani, hata ikiwa fupi, unaingia ukiwa mzima.

Nyinyi Malindi msimu wenu ni wa wageni. Aprili na Mei, mvua za masika zikipiga, hoteli zinapungukiwa na watu, na huenda mumeo akapata nafasi. Mwambie tangu sasa. Usingoje mpaka amechoka na wewe umekasirika.

Umeandika mara mbili kwamba unaona kama unawadhulumu watoto. Hilo limenigusa. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa kisiwa cha Pate, alitunga utendi (utenzi) wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, na mwanzoni kabisa anamwita binti yake aje akae karibu, na wino na karatasi. Ile kazi aliitunga kwa ajili ya mtoto, na mtoto akiwa pale pale. Kwa hivyo sikubali ukisema mtoto na kalamu ni lazima vigombane. Mpe mkubwa wako daftari lake na penseli, akae ubavuni pako akijaza mistari. Wangu hufanya hivyo na husema anaandika kama mama, na sijaona alichodhulumiwa.

Sura uliyokwama umesema ni ya mama na mwanawe wanaogombania shamba. Kesho ukiwa jikoni waache wagombane kwa sauti yako, wewe uwe wote wawili, urekodi. Usiku andika yale tu uliyoyasema, bila kupamba, kisha uyaweke hapa tuyasome.