Fokker ya Rais imezeeka: inunuliwe nyingine?

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Voi. Chumba chetu cha walimu kimegawanyika kuhusu ndege ya Rais. Wengine wanasema ile Fokker ni hatari, inunuliwe mpya. Sisi wengine tunasema nchi yenye madeni haya haina haki ya kununua ndege. Wewe uliyetengeneza ndege unasemaje? Na ikinunuliwa, pesa zitoke wapi? – Mwalimu, Voi*

Marahaba, mwalimu. Niruhusu nianze na ndege yenyewe, pesa zije baadaye.

Umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Ikipaa, hewa hujazwa ndani ili watu wapumue, na bodi hutanuka. Ikitua, hunywea. Kutanuka na kunywea huko ndiko kunakochosha alumini na kuleta nyufa, kwa hiyo sisi mafundi huuliza kwanza imepaa na kutua mara ngapi. Fokker 70 ya Jeshi letu la Wanahewa, iliyoletwa enzi za Mzee Moi katikati ya miaka ya 1990, haijafanya kazi ya ndege ya abiria inayoruka kutwa nzima. Anayesema itaanguka kwa sababu tu ni kuukuu anawatisha bure.

Shida yake ni vipuri. Kampuni ya Fokker ilifilisika Machi 1996, na Fokker 70 zote zilizoundwa hazikufika 50. Vipuri bado vinapatikana, kwa kuwa Fokker 100, ndugu yake mkubwa, hutumia vingi vilevile, lakini mashirika yanaziacha moja baada ya jingine. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilizistaafisha zake Oktoba 2017. Nimeshuhudia ndege nzima ikilala hangari kwa kukosa kifaa kimoja kidogo: marubani wanaendelea kulipwa, na mkubwa anakodi ndege nyingine. Safari moja inalipiwa mara mbili.

Waholanzi, ambao ndio walioiunda, walikuwa na Fokker 70 ya serikali, rika la hii yetu. Waliiondoa 2017, na mahali pake ikaja Boeing 737 iliyoanza kazi 2019, kwa takriban yuro milioni 90. Bei ilijulikana kabla ndege haijafika.

Kwa hiyo hapo nawaunga mkono wenzako: ibadilishwe. Lakini kwenye pesa niko upande wako, na siko hapo kwa shingo upande.

Iwekwe kwenye makadirio ya Wizara ya Ulinzi ikiwa na fungu lake, ilipwe kwa miaka kadhaa, na Bunge lione pamoja na bei gharama za mafuta, bima, mafunzo ya marubani na ukaguzi mkubwa, na lielezwe Fokker itakwenda wapi. Ninachokiogopa ni Kifungu cha 223 cha Katiba, kinachoiruhusu serikali kutumia pesa kwanza kisha kuomba idhini ya Bunge ndani ya miezi miwili. Kifungu hicho ni cha mambo yasiyotarajiwa. Ndege inayozeeka mbele ya macho yetu tangu Moi hadi Ruto haiwezi kuitwa jambo lisilotarajiwa.

Kuna njia nyingine ambayo naikataa kabisa. Mei 2024 Rais alikwenda Marekani kwa ndege ya kifahari ya kukodi. Kelele zilipozuka, akaeleza kuwa serikali haikutumia hata shilingi milioni 10, kwa sababu marafiki walisaidia. Mwalimu, hiyo kwangu ndiyo nauli ghali kuliko zote. Deni la benki lina tarehe na riba. Fadhila ya marafiki hatujui italipwa lini, wala kwa kitu gani.

Tanzania nao walinunua Gulfstream wakati wa Rais Mkapa. Ndege nzuri, imewatumikia na marais waliofuata. Lakini kinachokumbukwa mitaani ni waziri wa fedha aliyenukuliwa akisema itanunuliwa hata kama wananchi watakula nyasi. Malawi ilinunua yake 2009, Uingereza ikapunguza msaada, Rais Joyce Banda akaiuza 2013 kwa dola milioni 15, na ubishi ukahamia kwenye matumizi ya hizo pesa. Mwananchi asipoonyeshwa hesabu, kununua kunamuumiza na kuuza kunamuumiza vilevile.

*Kwa nini Rais asipande Kenya Airways kama sisi? – Msomaji, Kisumu*

Kwa baadhi ya safari anaweza. López Obrador, wakati huo rais mteule wa Meksiko, alikwama saa kadhaa ndani ya ndege ya abiria Septemba 2018 kwa sababu ya mvua, na bado akaikataa Boeing 787 ya serikali. Ila kuiondoa kulimtesa: iliyonunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 200 iliuzwa kwa Tajikistan 2023 kwa takriban milioni 92. Ndege iliyopangwa ndani kwa ajili ya rais mmoja, na chumba chake cha kulala, wanunuzi wake ni wachache mno. Ndiyo maana yetu ningependa iwe ya aina inayotumiwa na mashirika mengi, yenye viti vinavyong'oleka. Ikiwa 737, mafundi wenye leseni yake tayari wako Embakasi, kwa Kenya Airways.