Penalti, woga na hipnosisi

Umesema mazoezini unafunga penalti, kwenye mechi miguu inakuwa mizito, na unahofia hipnosisi itakupokonya akili. Haikupokonyi. Si usingizi, ni umakini uliozama. Ukitaka kuacha, unafumbua macho tu.

Unaweza kujifanyia mwenyewe. Jioni, tenga dakika 10: vuta pumzi kwa hesabu ya 4, toa kwa 6, legeza taya na mabega. Kisha piga penalti kichwani kwa kasi yake halisi: filimbi, hatua, mguso wa buti. Ukitulia kabisa, bana kidole gumba na cha shahada. Ndiyo ishara yako ya uwanjani, ya kukurudishia utulivu huo kabla ya kupiga. Wengi huharibu kwa kuijaribu mechini kabla haijazoeleka. Na usijiambie "nisikose", utaliwaza kosa lenyewe.

Ukiwa na historia ya kifafa au kusikia sauti zisizokuwepo, muone daktari kwanza. Maumivu ya goti usiyazime kwa hipnosisi. Yana sababu yake.