Maswali ya Wasomaji: Muhuri wa Siri na Haki ya Mwananchi

*Shikamoo mwalimu. Nimemaliza masomo ya utunzaji wa kumbukumbu na nimeajiriwa katika taasisi moja ya umma, ambako nimepangiwa kushughulikia maombi ya wananchi wanaotaka kuona majalada ya zamani. Mkubwa wangu ameniagiza kwamba jalada lolote lenye muhuri wa siri lisitolewe, na kwamba kila mwombaji aulizwe kwanza habari hizo anazitakia nini. Kazi hii inapaswa kufanywaje? — Msomaji, Fort Portal*

Marahaba, mwanangu. Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 ndiyo iliyoweka utaratibu, nayo inasema bila kuficha kwamba sababu anayoitoa mwombaji, au ile ambayo ofisi inadhani anayo, haiathiri haki yake. Kwa hiyo swali la “unazitakia nini” liondoke kabisa kaunta. Unaloruhusiwa kumuuliza ni lile la kumsaidia: mwaka gani, idara gani, gombolola gani (eneo la utawala lililo chini ya wilaya), na jina hilo liliandikwaje wakati ule.

Kuhusu muhuri, uligongwa na ofisa wa wakati ule kwa mambo ya wakati ule, na sheria haiutaji popote kuwa sababu ya kumnyima mtu habari. Sababu zinazokubalika zimetajwa: faragha ya mtu, siri za biashara, usalama wa watu na mali, upelelezi wa makosa, ulinzi na uhusiano na nchi za nje, na nyingine chache. Mihtasari ya Baraza la Mawaziri na kumbukumbu za kesi ambazo hazijamalizika ziko nje ya sheria hiyo. Anayekataa ombi lazima aseme amesimama juu ya sababu ipi, na mimi ninaongeza kwamba aseme ni kwa ukurasa upi.

Tuseme umeletewa jalada la wilaya la miaka ya 1970, lenye muhuri mwekundu juu ya jalada zima. Unalifungua na kukuta kwamba folio, yaani karatasi zenye namba ndani ya jalada, tisa za mwanzo ni barua za kuomba viti na karatasi za taipu, ya kumi ni malalamiko ya wanakijiji dhidi ya chifu wa gombolola, ya kumi na mbili ni ripoti ya daktari juu ya ugonjwa wa karani mmoja, na ya kumi na tano inataja watu waliopeleka kwa serikali habari za jirani zao. Viti na taipu vitoke bila mjadala. Jina la chifu lisifichwe, maana alitenda kwa cheo chake. Ripoti ya daktari ifunikwe ikiwa karani huyo huenda yuko hai. Folio ya kumi na tano ndiyo kazi yenyewe, na haifai kuamuliwa kwa haraka: waliotajwa wanaweza kuwa hai, watoto wao wanaweza kuwa wanachota maji kisima kimoja na watoto wa waliokamatwa, na wakati huohuo familia ya aliyekamatwa ina haki ya kujua kilichompata. Sheria inalazimisha habari itolewe ikiwa inafichua uvunjaji mkubwa wa sheria na manufaa kwa umma yanazidi madhara. Mara nyingi utaona kwamba maelezo ya tukio yanaweza kutoka yote, kikafunikwa kitambulisho cha mtoa habari peke yake.

Kufunika nako kuna adabu yake. Usitie wino kwenye waraka wa asili hata mara moja. Toa fotokopi, funika maneno kwenye fotokopi hiyo, kisha itolee fotokopi nyingine na umpe mwombaji hiyo ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ikiinuliwa kwenye mwanga maandishi yaliyo chini ya wino husomeka. Kwenye karatasi ya shauri, yaani ile ya kuandikia maoni na maamuzi juu ya jalada, andika namba ya folio, sababu ya kisheria na sentensi moja ya maelezo.

Mwisho wa yote, kisheria mwamuzi ni mtendaji mkuu wa taasisi. Wewe unamwandalia pendekezo. Ninajua hofu inayotokana na Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1964, lakini sheria ya 2005 inamlinda ofisa anayetoa habari kwa nia njema kwa kuifuata. Mwonyeshe mkubwa wako kifungu hicho kwa heshima, na pendekezo lako liandikwe hata kama hatalikubali.

*Mimi ni mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, nami ninahitaji jalada lake ili nifuatilie mafao. Masijala wananiambia tu kwamba halionekani. Kuandika sijui, barua hii ameniandikia mwanangu. — Mama, Jinja*

Pole sana, mama. Asiyeweza kuandika anaruhusiwa kutoa ombi kwa mdomo, na ofisi inawajibika kuliandika na kukupa nakala. Usiondoke bila nakala hiyo, yenye tarehe. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 21 nyingine. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekataa, nawe unaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu, na baada yake Mahakama Kuu.

Neno “halionekani” halitoshi. Ofisi ikiwa imetafuta na kukosa, inatakiwa kukupa hati ya kiapo inayoeleza ilivyotafuta. Mara nyingi nimeona jalada “lililopotea” likipatikana baada ya mtu kuambiwa aape.

*Ninaandika tasnifu juu ya miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Majalada kadhaa ninayoyahitaji hayapo katika Hifadhi ya Taifa ya Uganda, Wandegeya. — Mwanafunzi, Makerere*

Huenda yalisafirishwa. Kabla ya uhuru wa Oktoba 1962 wakoloni waliteketeza sehemu ya majalada ya Uganda na kupeleka mengine kwao, na serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, katika kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya. Yaliyosalia yako Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo, Kew, London, katika mfululizo wa FCO 141. Sheria yetu ni ya raia peke yake, lakini ile ya Uingereza ya mwaka 2000 inamruhusu mtu wa taifa lolote kuomba, kwa hiyo unaweza kuwaandikia ukiwa Kampala. Muda wa kawaida ni siku 20 za kazi, na kwa nyaraka zilizofungwa huko Kew, yaani zisizoruhusiwa bado kuonwa na umma, unaweza kufika 30. Taja namba ya jalada kama ilivyo kwenye orodha yao, na ikiwa limefungwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa, ambatanisha ushahidi wa kifo chake.