Maswali na Majibu: Kuhamishia Ghalani Mkusanyiko wa Makumbusho

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunzaji katika makumbusho madogo ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Paa letu litaezuliwa na kuezekwa upya, nasi tumeagizwa kuhamishia ghalani vitu vyote, ambavyo ni kiasi cha 900: picha za Tingatinga, vinyago vya Kimakonde, milango ya nakshi, kanga na kofia za zamani, picha za kamera na sarafu. Tumepewa wiki tatu, lori moja na marobota ya magazeti ya kufungia. Ghala lenyewe ni darasa la zamani lililo tupu. Tuanzie wapi, na je, muda huo unatosha?

JIBU: Ndugu mtunzaji, muda huo hautoshi, na ni vyema umweleze mkuu wako hivyo kwa maandishi kabla mkandarasi hajapanda juu ya paa. Fanya hesabu pamoja naye. Ukikadiria dakika 15 za kukitambua kitu kimoja, kukipima, kukipiga picha na kuiandika hali yake, vitu 900 vitakula saa 225, yaani siku 28 za kazi za saa nane kwa timu ya watu wawili, na hapo hamjafunga hata sanduku moja. Mkipata timu mbili, uandikishaji peke yake utamaliza wiki tatu mlizopewa ikiwa wiki yenu ni ya siku tano. Jengo la hifadhi la Louvre, makumbusho makubwa ya Paris, lililofunguliwa Liévin, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 2019, lilipangiwa kupokea takriban vitu 250,000, na uhamisho wake ulihesabiwa kwa miaka. Makumbusho hayohayo yalionja pia uhamisho wa dharura mwezi Juni 2016, mto Seine ulipofurika yakafungwa ghafla ili vitu vilivyokuwa vyumba vya chini vipandishwe juu. Haraka ya namna hiyo ina udhuru pale maji yanapopanda, lakini ukarabati wa paa ni jambo linalopangika.

Kwa hiyo anzeni na daftari, si na masanduku. Kila kitu kiandikwe namba yake ya usajili, maelezo mafupi, vipimo, hali yake (ufa, tundu, rangi iliyobanduka, dalili za dumuzi au nondo), mahali kilipo leo, namba ya sanduku kitakamowekwa na rafu kitakakopelekwa. Picha ipigwe namba ikionekana ndani yake, maana picha 900 zisizo na namba ni kazi ya kuanza upya. Mtakuta vitu visivyo na namba. Vipeni namba za muda zenye alama ya pekee, na msivipachike namba za kudumu kwa kubahatisha. Mtakuta pia namba ambazo vitu vyake havipo. Msizifute. Andikeni “hakijaonekana” pamoja na tarehe, kisha mtu mwenye mamlaka atie sahihi, kwa sababu baada ya uhamisho kila kilichopotea miaka mingi iliyopita kitadaiwa kuwa kilipotea kwenye lori. Namba zenyewe zisibandikwe kwa gundi wala utepe wa kunata: kwenye nguo shoneni kipande cha utepe wa pamba, kwenye kinyago fungeni kibandiko kwa uzi, na nyuma ya picha ya kamera andikeni pembezoni kwa penseli laini bila kukandamiza.

Wakati timu hizo zinaandika, watu wengine walitayarishe darasa. Kagueni dari, mabomba na kuta baada ya mvua, zibeni njia za mchwa, na wekeni kipima joto na unyevu kwa majuma kadhaa kabla ya kupeleka chochote. Unyevu wa hewa unaokaa juu ya asilimia 65 hadi 70 huotesha ukungu, na katika pwani yetu kiwango hicho si cha kushangaza. Rafu zikae mbali kidogo na kuta za nje, na ubao wa chini kabisa uwe kama sentimita 15 kutoka sakafuni. Zipeni rafu anwani, kwa mfano A-3-2 kwa maana ya safu A, rafu ya 3, ubao wa 2, na anwani hiyo iandikwe kwenye sanduku kabla halijatoka makumbusho. Mkiweza kuchagua miezi, ikwepeni masika.

Magazeti yarudisheni yalikotoka, kwani wino wake huchafua na karatasi yake ina asidi. Karatasi isiyo na asidi ndiyo bora, lakini ni ghali na haipatikani kila mji. Badala yake kitambaa cha marikani, kilichofuliwa mara kadhaa hadi wanga wote ukatoka, kinafaa sana, na watengenezaji wa magodoro wanaweza kuwauzia vipande vya sponji vya kujazia masanduku kwa muda wa safari tu, kwa sababu sponji hiyo huoza ikikaa miaka.

Picha za Tingatinga zinahitaji uangalifu ambao wengi hawautarajii. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huo mwaka 1968, wachoraji wake wengi wametumia rangi za enameli, mwanzoni juu ya mbao ngumu za kubanwa, na rangi hizo zinaweza kulainika katika joto la lori lililosimama juani. Picha mbili zikigusana uso kwa uso, au nailoni ikilalia rangi, alama hubaki. Wekeni vipande vya sponji kwenye pembe nne ili uso usiguswe na kitu, kisha picha zisafirishwe zikiwa zimesimama. Vinyago vya mpingo vinyanyuliwe kwa kushika kitako, kamwe si mkono wala shingo ya mtu aliyechongwa. Kanga na kofia zinazoshukiwa kuwa na nondo zifungwe ndani ya nailoni isiyopitisha hewa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ziachwe humohumo zizoee joto kwa siku nzima kabla ya kufunguliwa; msigandishe mbao zilizopakwa rangi wala picha za kuchorwa. Ikiwa mna ngozi, manyoya au wanyama waliokaushwa wa zamani, vaeni glavu na barakoa, kwa maana makumbusho mengi ya zamani yalivipaka sumu ya arseniki au dawa ya wadudu ya DDT.

Siku ya lori, mtu mmoja asibebe kitu chochote: kazi yake iwe kuandika kinachotoka, na mwenzake ghalani aandike kinachoingia. Orodha hizo mbili zilinganishwe kila jioni kabla watu hawajaenda nyumbani. Milango ya nakshi itafutiwe mahamali waliozoea kubeba samani nzito, na njia ipimwe kwanza, kwa sababu mlango wa Kizanzibari unaweza kukataa kupita katika mlango wa darasa.

SWALI: Babu yetu aliyazawadia makumbusho jambia na kitabu chake cha hesabu za biashara. Sasa tunaambiwa vimepelekwa ghalani na hatuwezi kuviona. Je, tuna haki gani?

JIBU: Inategemea karatasi iliyotiwa sahihi siku ya kukabidhi. Ikiwa ilikuwa zawadi, vitu hivyo ni mali ya makumbusho, lakini hakuna ubaya wowote kuomba kwa barua mwonyeshwe namba zake za usajili na rekodi ya mahali vilipo, na mhifadhi mzuri atawajibu. Ikiwa ilikuwa amana, makumbusho yalipaswa kuwaarifu kabla ya kuvihamisha, na mnaweza kudai taarifa ya hali yake kabla na baada ya safari.

SWALI: Tumefadhiliwa kiyoyozi kwa ajili ya ghala. Tukiwashe mchana tu ili kupunguza gharama za umeme?

JIBU: Hapana. Kuwasha mchana na kuzima usiku huufanya unyevu upande na kushuka kila siku, na mbao hupasuka kwa sababu hiyo. Kama hamwezi kukiendesha saa zote, kiacheni, mtumie feni na madirisha yenye wavu, na sehemu ya fedha za umeme mnunue kipima unyevu cha pili.