Volontia anapobisha hodi: maswali yenu na majibu yangu

Juni ikiingia, hosteli za Moshi na Arusha hujaa mavolontia, na barua zenu nazo humiminika. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii huku Kaskazini mpaka nikastaafu, basi nitajibu kwa ninayoyajua. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

Shikamoo mama. Naongoza wageni mlimani. Wakishashuka, wengi wananiomba niwapeleke kituo cha yatima nusu siku. Wananunua pipi na madaftari, wanacheza na watoto, wanapiga picha. Kituo kinafurahi, nami napata tipu. Kuna ubaya gani? (Moshi)

Marahaba. Ubaya upo. Chukulia chekechea anayosoma mwanao. Saa nne asubuhi basi linasimama, wanashuka watu kumi usiowajua, wanambeba mwanao, wanampakata, wanampiga picha, saa sita wameondoka. Ungemfuata mwalimu mkuu ukiwa umefura. Mtoto wa kituo hana wa kufura kwa niaba yake, ndiyo tofauti pekee.

Wala sikutishi bure. Kijana mmoja wa Oklahoma, Marekani, alijitolea kwenye kituo cha watoto Nairobi, tena si mara moja. Alikuwa mwenyeji pale, watoto wanamjua. Mwaka 2016 mahakama ya kwao ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhalilisha kingono watoto wa kituo hicho. Alikuja kama wanavyokuja wengine, na tabasamu.

Wapeleke wageni wako kijijini Materuni wakatwange kahawa, au kwa mama lishe wako wa siku zote wakale makande. Anayesisitiza kutoa, mpeleke kwa mwalimu mkuu wa shule ya kata, atoe mbele ya kamati ya shule, apewe stakabadhi. Tipu utapata tu.

Shikamoo. Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto. Mavolontia wanakuja wiki mbili, wanaondoka, wanakuja wengine. Kuna mtoto wa miaka mitatu, kila akiondoka mgeni hali chakula, usiku anaamka analia. Wageni wanasema watoto wetu wana upendo sana kwa sababu wanamrukia kila mtu. Nimeajiriwa tu, nifanye nini? (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo la upendo. Mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa na mama au bibi, mgeni akiingia uani, hukimbilia nyuma ya kanga. Anachungulia. Anamtazama mama: huyu mtu vipi? Mpaka aone mama amecheka ndipo anasogea, tena kwa kuibia. Mtoto anayemrukia kila anayeshuka kwenye gari hana wa kumtazama kwanza. Wageni wanaona upendo, mimi nikiona hivyo nauliza zamu za walezi zimepangwaje.

Jambo hili limechunguzwa. Romania, baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia ilikuta watoto maelfu kwa maelfu vituoni. Miaka kama kumi baadaye, watafiti kutoka Marekani wakaanza kuwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa bahati nasibu, nusu walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na malezi ya kituo kama kawaida. Waliokwenda kwenye familia waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, hasa wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kinachomjenga mtoto wa umri huo ni mtu yuleyule, leo, kesho na mwakani. Wewe, kwa mshahara wako huo, ndiye unayekaribia kuwa mtu huyo. Inaniuma kujua kwamba wapo mavolontia wanaomlipa wakala kwa wiki mbili fedha ambazo mlezi hazioni kwa miezi kadhaa.

Kwa kuwa umeajiriwa, usiende kwa meneja na lawama, nenda na ratiba. Pendekeza kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano alishwe, aogeshwe na kulazwa na mlezi wake tu, na kila mlezi awe na watoto wake anaojulikana nao. Kazi za mgeni hazikosekani: kufua, kupika, bustani, kupanga mafaili, kurekebisha kompyuta. Akija mwenye taaluma, mweke chini akufundishe wewe. Tuseme ni mtaalamu wa fiziotherapia na mna mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Asimnyooshe viungo yeye kwa siku kumi na nne halafu apande ndege. Aishike mikono yako, akuonyeshe goti linakunjwa mpaka wapi na uache pale mtoto anapokaza mwili, urudie mbele yake mpaka aseme hapo sawa. Akiondoka, mazoezi hayaondoki naye.

Huyo wa miaka mitatu usimwambie mgeni atarudi kama harudi. Aage akiwa amekaa mapajani mwako, na usiku ule kama unaweza uwe zamu wewe.

Mume wangu alifariki mwaka juzi, nina watoto wanne. Mwenye kituo kimoja amenifuata, anamtaka binti yangu wa miaka sita. Atasoma English medium, mfadhili yuko Ulaya. Ndugu wananiambia nimshukuru Mungu nisiulize maswali. (Boma Ng'ombe)

Pole sana, mama. Uliza maswali.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto lazima yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mtoto hapelekwi huko kwa mazungumzo ya sebuleni kati ya mzazi na mwenye kituo. Lazima ustawi wa jamii upitie hali ya familia kwanza. Nenda halmashauri kwa afisa wetu, mtajie kituo, atakwambia kama kina leseni. Hilo peke yake huwafanya baadhi ya watu wasirudi tena nyumbani kwako.

Akirudi, mpe sharti moja: mfadhili amlipie binti ada akiwa analala kwako. Akikubali, huyo anataka mtoto asome. Akija na sababu mia, ujue anataka kitanda kisikae wazi, maana kituo bila watoto hakipati wafadhili wala mavolontia. Maneno makali haya, lakini nimeona vituo vikitafuta watoto mitaani kama konda anavyotafuta abiria. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba duniani watoto wanne kati ya watano walioko vituoni, au zaidi, wana mzazi aliye hai. Watoto hao hawakukosa mzazi. Walikosa ada, chakula, au dawa.

Shule ya serikali haina ada, kwa hiyo mzigo wako ni sare, madaftari na michango. Muulize mwenyekiti wa mtaa kama kaya yako inaweza kuingizwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Si fedha nyingi, nakubali, na English medium inavutia, hata mimi nisingekuwa mkweli nikisema haivutii. Ila jirani zetu wameanza kugeuza njia: Rwanda tangu 2012 inafunga vituo na kuwarudisha watoto kwenye familia, na Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 unaoelekea hukohuko.

Ninaishi Minnesota. Kanisa letu linapeleka vijana Kenya wiki mbili kujenga darasa, dola 3,500 kwa kila mmoja. Binti yangu ana miaka 16 na hajawahi kufika nyumbani. Nimruhusu?

Fundi wa Machakos atalijenga darasa hilo vizuri kuliko binti yako, na ana watoto wa kusomesha. Uliza kanisa kama kuna mafundi wa pale wanaolipwa, na kama kila mtu mzima kwenye msafara amechunguzwa na polisi. Wakisema vijana wataachiwa darasa la watoto peke yao, kataa.

Kama bado ana nyanya, kwa fedha hiyohiyo mkatie tiketi akakae kwake likizo nzima. Achote maji, agombane na binamu zake, arudi anajua lugha.

Niko Mwanza, miaka 23. Wakala anasema ataniingiza kwenye mpango wa kujitolea Ujerumani kwenye chekechea, natakiwa nilipe milioni tatu kwanza. Ni kweli?

Mpango kama huo upo, milioni tatu ndizo zinazonitia shaka. Unaojulikana unaitwa weltwärts, unagharamiwa kwa sehemu kubwa na wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ulianza 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani huku kwetu, na tangu 2013 unapokea pia vijana wa huku kwenda kule, wa miaka 18 hadi 28, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Wanafanya kazi chekechea, nyumba za wazee, na kwa watu wenye ulemavu. Unapewa malazi, bima na fedha ya mfukoni. Unaingia kupitia shirika la hapa nchini lenye ushirika na shirika la kule, kwa hiyo muulize wakala ajitaje ni shirika gani, kisha uwaandikie Wajerumani wenyewe. UN Volunteers, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, nao hawamtozi mwombaji hata senti. Anza Kijerumani mapema, na utafute cheti cha tabia njema cha polisi, maana kule hukabidhiwi watoto wa watu bila karatasi. Kijana wa Kijerumani akitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni vituo vingapi vinamdai hiyo karatasi?

Volontia ameweka picha ya mwanangu Instagram, ameandika kuwa tunalala njaa. Si kweli.

Piga picha ya hilo chapisho kabla halijafutwa, mwandikie aliondoe, na uripoti Instagram. Akikaidi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake inapokea malalamiko. Jambo likigusa usalama wa mtoto, piga 116, ni bure.

Mimi ni mkunga, mzaliwa wa Tanga, sasa raia wa Uingereza. Nataka kuja mwezi mmoja kusaidia zahanati ya kijijini kwetu. Nije tu na viza ya kawaida?

Usije hivyo, hata kama ni kwenu. Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya bure, basi ulizia Uhamiaji kibali kinachokufaa kabla ya kukata tiketi. Pia huwezi kugusa mgonjwa bila kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ukiona huo ni urasimu, kumbuka Jinja, Uganda. Mmarekani mmoja asiye na taaluma ya tiba alifungua pale kituo cha watoto wenye utapiamlo, na watoto zaidi ya 100 walifia kituoni kwa miaka kadhaa. Akina mama wawili walimshtaki mwaka 2019, na 2020 shauri likaisha kwa maelewano ya fidia bila yeye kukiri kosa. Kina mama wale walisema walidhani aliyekuwa akiwahudumia watoto wao ni daktari.

Wewe una taaluma, kwa hiyo muulize Mganga Mkuu wa Wilaya yeye anahitaji nini. Mtajie mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Yalijaribiwa kwenye hospitali nane hapa Tanzania, na matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Waliookoa watoto hao ni wakunga wetu wenyewe, kwa kifaa cha kumpulizia mtoto hewa na mafunzo hayo. Mwezi mmoja hautoshi kuzalisha kijiji, ila unatosha kukaa na wakunga watano na mwanasesere wa mazoezi. Mwanasesere mje naye, huku ni ghali.