Usimpasue kupe kwa ukucha

Miaka yote nilikuwa nikimng'oa kupe kwenye ng'ombe, nampasua hapo hapo kwa ukucha wa kidole gumba. Damu nyeusi inaruka, najipangusa kwenye suruali, kazi inaendelea. Ndivyo baba mdogo alivyonifunza.

Mimi ni mchinjaji hapa Bombo, Uganda, ng'ombe nawafuata Nakasongola. Mvua za mwaka jana nilirudi na kupe nyuma ya goti. Nilimgundua kesho yake nikioga, nikammwagia mafuta ya taa, nikamvuta ovyo, kichwa kikabaki. Baada ya kama wiki nikashikwa na homa, kichwa kinagonga, tezi za kinena zimevimba. Nikapima malaria mara mbili, hakuna kitu. Muuguzi ndiye aliyesema, "Mzee, hebu pandisha suruali." Palikuwa na kigaga cheusi, ungedhani nimeunguzwa na sigara. Akauliza kama nafanya kazi na mifugo, akanipa doksisaiklini. Siku ya tatu nikaweza kula.

Nilipona, lakini alilonieleza baadaye ndilo lililoninyima usingizi. Tumezoea kusema maradhi ya kupe ni ya ng'ombe, na ndigana kweli haimpati mtu. Ila kuna homa ya Kongo na Krimea, inayotoa watu damu. Iliingia Agago mwaka 2013, na mwaka 2017 ikafika Nakaseke, jirani zetu kabisa. Ng'ombe mwenye virusi hivyo haonyeshi dalili: anakula, anacheua, unamnunua kwa furaha. Kumkagua kwa macho hakusaidii. Virusi vinakupata kupe akikuuma, ukimpasua, au damu mbichi ikigusa kidonda siku ya kuchinja. Nyama iliyoiva vizuri haina neno, kwa hiyo wateja wangu msikimbie.

Siku hizi navaa glavu, suruali naichomeka ndani ya gamboti, na nikirudi najikagua kwapani, kinenani, nyuma ya magoti. Kupe namshika kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, namvuta taratibu moja kwa moja, namtumbukiza kwenye kopo la spiriti. Baba mdogo ananicheka.

Ukipata homa baada ya kushika mifugo, usijinunulie aspirini wala ibuprofeni. Zinazidisha kutoka damu. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na habari za ng'ombe uzitaje wewe kabla hujaulizwa.